MTIHANI WA MASAA MANANE: CHETI CHA MITANDAO YA KOMPYUTA NA VIJANA WETU





Tumekuwa tukiulizwa swali moja mara kwa mara na wazazi wa Buyenzi na Bwiza, na hata na ndugu zetu wa Uvira wanapovuka mpaka kuja kututembelea. "Maalim, kijana wangu anataka kufanya mtihani wa mitandao ya kompyuta. Anasema ule mdogo ni dola mia tatu, na ule mkubwa unapita dola elfu. Nimpe pesa, au ananidanganya?"

Swali ni la haki. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye kipato kidogo kabisa duniani, na dola yenyewe ni adimu. Mzazi anayetoa pesa kama hiyo ameuza kitu, au amekopa, au amesimamisha ujenzi wa nyumba yake. Sisi ni walimu wa dini, si mafundi wa kompyuta. Lakini vijana hao tumewasomesha tangu wakishika juzuu ya kwanza, na baadhi yao wameipita njia hii na kurudi kutusimulia. Basi tumeona tuyaandike tuliyoyajua na tunayoyaona, ili wazazi wasitoe pesa kwa giza wala wasizuie kheri kwa giza.

Msimamo wetu tuuseme mapema: mtihani wa kutenda kwa mikono ni katika mitihani iliyo bora kwa vijana wetu, na familia ina wajibu wa kuusaidia. Lakini si kila kijana aanzie juu, na anayenunua majibu yaliyoibwa asisaidiwe hata kwa faranga moja.

NI MTIHANI GANI HUU?

Kampuni ya Cisco ya Marekani inatengeneza ruta na swichi, yaani vile vyombo vinavyopokea ujumbe wa kompyuta na kuupeleka njia yake. Kampuni hiyo ina ngazi za vyeti. Ngazi ya mwanzo ambayo vijana wengi wanaisikia ni CCNA. Mtihani wake, tangu mageuzi ya Februari 2020, ni mmoja wa dakika 120, na ada iliyopangwa ni dola 300. Ngazi ya juu kabisa inayopimwa kwa vyombo ni CCIE, iliyoanza mwaka 1993. Hiyo ndiyo inayowanyima watu usingizi.

CCIE ina sehemu mbili. Kwanza kuna mtihani wa maswali, ambao ada yake iliwekwa dola 400. Ukiupita, unaruhusiwa kwenda kwenye mtihani wa maabara, ambao ada yake iliwekwa dola 1,600, na huo ni wa masaa manane kwa siku moja. Katika mpango ulioanza 2020, masaa matatu ya mwanzo ni ya kupanga na kuchambua mtandao bila kugusa chombo. Masaa matano yanayofuata ni ya kujenga mtandao, kuuendesha, na kutafuta makosa yaliyofichwa ndani yake. Ukishatoka katika sehemu ya kwanza hurudi tena. Na cheti chenyewe kinadumu miaka mitatu, kisha lazima ukihuishe.

Vituo vya kudumu vya maabara hiyo kwa miaka mingi vimekuwa vichache duniani, vikiwemo Brussels, Dubai na Bangalore. Kwa kijana wa Bujumbura maana yake ni tiketi ya ndege, viza, na malazi juu ya ada. Mzazi apige hesabu ya yote hayo tangu mwanzo.

Kila anayefaulu hupewa namba yake. Namba hazikuanzia moja, zilianzia 1024, kwa sababu watu wa kompyuta huhesabu kwa kuzidisha mbili, na mbili ikizidishwa mara kumi inafika 1024. Namba hiyo ya kwanza ilipewa maabara yenyewe, wala hakupewa mtu. Tangu hapo namba zimeshavuka 60,000 kwa dunia nzima. Linganisha na mamilioni wanaofanya kazi za kompyuta, utaona uchache wake.

KWA NINI MIKONO NA SI MDOMO?

Wazazi wengi wanaujua mtihani wa kuchagua a, b, c. Mtu anaweza kuupita kwa kukariri, na siku ya pili hajui kitu. Katika maabara hakuna a, b, c. Unapewa mtandao uliovunjika na maelezo ya unavyotakiwa kuwa, na kila swali lina masharti yake: fanya hivi, lakini usitumie njia ile iliyo rahisi. Ukifanya sehemu tisa za swali na kukosa ya kumi, hupati alama za tisa. Ama linafanya kazi kama lilivyoombwa, ama halifanyi.

Sisi watu wa madrasa jambo hili halitushangazi. Hakuna aliyejifunza tajwidi kwa kusoma kitabu cha tajwidi peke yake. Atakaa mbele ya sheikh, atasoma, atarudishwa, atasoma tena, mpaka ulimi ukae mahali pake. Ijaza haitolewi kwa mtu aliyesema anazijua hukumu za nuni sakina, bali kwa yule ambaye sheikh amemsikia kwa masikio yake akizisoma sawasawa. Tena tazama mafundi magari wa hapa hapa Buyenzi. Nani humuuliza fundi cheti? Humpa gari, akasikiliza injini, akasema ubovu uko wapi. Akikosea, gari haliwaki, na mtaa mzima unajua.

Mtihani wa maabara ni wa aina hiyo. Ndiyo maana tunausifu. Katika nchi ambayo kijana bila mjomba ofisini anahangaika, ni jambo kubwa kuwa na mtihani ambao chombo hakijui ukoo wako, wala dini yako, wala kabila lako. Kinajua tu kama amri uliyoandika ni sahihi.

KAZI YENYEWE INA FAIDA GANI KWETU?

Baadhi ya wazee wanasema hii ni elimu ya Wamarekani, sisi tunaihitaji nini. Tunawakumbusha jambo. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitegemea satelaiti kwa intaneti, na ujumbe ulipanda angani karibu kilomita 36,000 na kushuka. Ilikuwa ghali na polepole. Mwaka 2009 kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Sisi Burundi hatuna bahari. Intaneti yetu inatoka kwenye kebo hizo na kupita nchi za jirani, Tanzania na Rwanda, mpaka itufikie. Hapa ndani ukajengwa mkongo wa taifa uitwao Burundi Backbone System.

Sasa tazama lililotokea tarehe 12 Mei 2024. Kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kudodora. Siku kama hiyo anahitajika mtu anayejua kuugeuza ujumbe upite njia nyingine, na kuyapa kipaumbele mambo ya hospitali na benki kabla ya michezo na video. Asipopatikana hapa, ataitwa wa nje kwa dola. Kwa hiyo hii ni elimu ya haja, kama udaktari na uhandisi wa maji.

Tena itifaki zenyewe, yaani makubaliano ambayo vyombo vinasemezana kwayo, si mali ya Cisco peke yake. OSPF na BGP zimeandikwa wazi na kila mtu anaweza kuzisoma bure. Aliyezielewa vizuri atazitumia kwenye vyombo vya Huawei, Juniper au MikroTik. Kijana asijifunze jina la kampuni, ajifunze namna ujumbe unavyotembea.

MTOTO WA MADRASA ANA MTAJI

Tuna jambo tunalopenda kuwaambia wanafunzi wetu wa mirathi. Moja ya masomo yanayowashinda wengi katika mitandao ni kuzigawa anwani za kompyuta. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 256. Ukiugawa nusu, kila fungu lina 128. Robo ni 64. Thumni ni 32. Na katika kila fungu anwani mbili, ya mwanzo na ya mwisho, hazipewi kompyuta yoyote, kwa hiyo robo inabaki na 62 za kutumia.

Aliyezoea nusu, robo na thumni katika mafungu ya warithi, hesabu hii ataifanya bila kalamu. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya tisa, aliandika kitabu chake cha aljebra na ndani yake akaweka sehemu kubwa ya kugawa mirathi. Kutokana na jina lake ndipo likatoka neno algorithimu, na ruta zinazotumia OSPF zinatafuta njia fupi kwa algorithimu ya Mholanzi Edsger Dijkstra iliyochapishwa mwaka 1959. Elimu hizi zinajuana. Mtoto asiambiwe kwamba akiingia huku ametoka kule.

Mtaji wa pili ni murajaa. Hafidhi anajua kwamba alichokihifadhi jana kitamkimbia asipokirudia leo. Mtandao ni hivyo hivyo.

NAMNA YA KUJIANDAA

Haya tumeyakusanya kutoka kwa vijana wetu, na zaidi kutoka kwa mmoja aliyesoma kwetu, akaanza kwa kutengeneza simu, akapata kazi Ghuba, na akafaulu maabara Dubai katika safari ya pili.

1. Aanzie chini. Cisco ina masomo yake ya Networking Academy yaliyoanza mwaka 1997, na programu ya Packet Tracer inayoigiza ruta na swichi inapatikana bure kwa wanafunzi. Kijana ambaye hajamaliza hayo asizungumze habari ya dola 1,600. Cisco wenyewe wanashauri uzoefu wa miaka mitano hadi saba kabla ya maabara ya CCIE. Basi kwanza CCNA, kisha kazi, hata iwe ndogo ya kuvuta kebo katika maduka, kisha kupanda.

2. Ajenge na abomoe. Kila siku aanze na mtandao mtupu, aujenge mpaka ufanye kazi, aufute, kesho aujenge tena. Kisha amwombe mwenzake auharibu kwa siri, naye atafute kosa. Mwanafunzi wetu huyo anasema vitabu vilimfundisha mtandao unavyofanya kazi, lakini kuharibiwa mtandao na rafiki yake ndiko kulikomfundisha unavyokufa.

3. Aandike. Umeme wetu unakatika, na kila mtu analijua hilo. Umeme ukiwepo, afanye kazi ya kompyuta. Ukikatika, achukue daftari achore mtandao, aandike amri kwa mkono, apige hesabu za anwani kwa taa ya betri. Baada ya Alfajiri, kabla ya kelele za mtaa, ni wakati wenye baraka.

4. Ajifunze Kiingereza cha kazi hii. Watoto wetu wana Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, lakini maabara ni kwa Kiingereza, na neno moja la sharti ukilisoma vibaya, swali limekwenda. Asome maelekezo ya vyombo kwa Kiingereza kila siku, hata kurasa mbili.

5. Ahakiki alichojenga. Hili ndilo lililomrudisha mwanafunzi wetu mara ya kwanza. Alimaliza maswali yote kabla ya muda, akatoka akiwa na furaha, matokeo yakaja amefeli. Amri aliyoiandika kwa swali la mwisho ilikuwa imeivunja kazi ya swali la tatu, naye hakurudi kuangalia. Safari ya pili alijiwekea saa nzima ya mwisho kwa kuhakiki tu, swali baada ya swali, na akaitumia yote. Akafaulu.

6. Awe na mwenzake. Mtu peke yake anachoka na kujidanganya. Wawili wanasikilizana kama tunavyosikilizana juzuu.

MAJIBU YA KUNUNUA

Hapa tunazungumza na vijana waziwazi. Kuna watu wanaouza maswali yaliyoibwa pamoja na majibu yake, na kila kijana anajua pa kuyapata. Wengine hujitetea: "Ustadh, sisi hatukuiba, tumenunua tu, na kila mtu anafanya."

Aliyenunua kitu anachojua kimeibwa, hukumu yake anaijua, hatuna haja ya kumsomesha. Lakini tuangalie hata kwa dunia tupu. Wenye mtihani wanayajua haya. Mwaka 2009 katika CCIE waliongeza maswali mafupi ya kujibu kwa maneno yako mwenyewe, na mwaka huo huo wakaweka sehemu ya masaa mawili ya kutafuta makosa, jambo linalomfanya aliyekariri ashikwe. Anayegunduliwa hufutiwa cheti na anaweza kufungiwa mitihani. Na asipogunduliwa je? Ataajiriwa hospitalini au benki, siku mtandao ukianguka saa tisa ya usiku watamwita yeye, naye atasimama mbele ya ruta kama mgeni. Cheti ni ushahidi kwamba mtu anaweza. Akikipata bila kuweza, amejishuhudia uongo, na wataolipa ni watu wengine. Tena atawaharibia vijana watakaomfuata, maana mwajiri akishadanganywa na kijana mmoja wa Bujumbura, wa pili hatasikilizwa.

WAZAZI WAFANYE NINI?

Kwanza, msitoe pesa zote kwa mkupuo. Muulizeni kijana akuonyesheni kazi. Mwambieni ajenge mtandao mdogo mbele yenu, aueleze kwa Kiswahili chepesi mpaka bibi yake aelewe. Asiyeweza kueleza bado hajaelewa. Akiweza, msaidieni ngazi ya kwanza. Akiipita na akapata kazi, ngazi za juu achangie mwenyewe, na mara nyingi mwajiri naye huchangia. Kuuza kiwanja cha watoto wote kwa ajili ya maabara ya mmoja hatukuoni kuwa ni busara.

Pili, mpeni wakati. Kijana anayetumwa sokoni mara tatu kwa siku na kuitwa kila mgeni akija hawezi kusoma kitu kinachotaka masaa manane ya kukaa. Kaeni mkubaliane: masaa haya ni yake, masaa haya ni ya nyumba.

Tatu, msiwasahau mabinti. Kazi hii haitaki misuli. Itifaki inayozuia ujumbe kuzunguka bila mwisho katika swichi ilibuniwa mwaka 1985 na mwanamke, Radia Perlman, na mpaka leo iko katika swichi dunia nzima. Binti aliyefanya vizuri katika hesabu apewe kompyuta ile ile anayopewa kaka yake.

Nne, msimtangaze kabla ya wakati. Tumeona familia zinasambaza habari harusini kwamba mtoto wao anakwenda kuwa mhandisi wa dunia. Akifeli mara ya kwanza, na wengi hufeli mara ya kwanza, anashindwa kutembea mtaani. Aibu hiyo imewafanya wengine wakimbilie majibu ya kununua. Aliyerudi mikono mitupu apokewe kama aliyerudi safari, aulizwe amejifunza nini.

NA SISI WENYE MADRASA?

Tunamaliza kwa pendekezo linaloweza kuwaudhi baadhi. Misikiti na madrasa zetu hukusanya michango kila mwaka. Hununuliwa mazulia, hupakwa rangi, hubadilishwa vipaza sauti vilivyokuwa bado vinasikika. Kwa nini mwaka mmoja mchango huo usinunue kompyuta tano zilizotumika, swichi mbili za zamani na betri ya kuhifadhi umeme, zikawekwa katika chumba kimoja cha madrasa kinachokaa kitupu asubuhi? Ruta iliyochakaa ambayo ofisi imeitupa inatosha kufundishia. Vijana waliokwisha kufaulu wafundishe wadogo zao siku za mapumziko, bila malipo, nao watapata faida ya kurudia.

Si wote watakaofika maabara ya masaa manane. Pengine katika hamsini atafika mmoja. Lakini arobaini na tisa waliobaki watakuwa wamejua kuunganisha ofisi, shule na zahanati zetu kwa mikono yao, na hawatakaa barazani wakisubiri viza. Kwa hesabu yetu sisi, hiyo peke yake inatosha kuilipa bei ya zulia.

Tunawakaribisha wazazi na walimu wenzetu watuletee maoni yao, hata wanaotupinga. Na vijana walio katika maandalizi sasa hivi, tunawaombea Allah Awafungulie, Awape subira ya kurudia na uaminifu wa kutokuibia.

Wabillahi tawfiiq.